Fundi Makochi Aliahidi Miguu ya Mkewe

Mtaani walimwita Sindano, wala si kwa sababu ya wembamba, maana mwili alikuwa nao wa kutosha. Walimwita hivyo kwa kuwa hukumkuta bila sindano. Kama haikuwa mkononi, ilichomekwa kifuani mwa gauni. Na kama haikuwa kifuani, basi ameing'ata, anakuitikia salamu kwa pembe ya mdomo. Kazi yake ilikuwa kushona nguo za makochi. Mumewe, aliyejulikana na wakubwa kwa wadogo kama Fundi Makochi, alipasua mbao, akagonga fremu, akabandika sponji kwa gundi. Mkewe akaja nyuma na kitambaa, akalivisha kochi hadi likapendeza kama bibi harusi. Mteja akija kuchukua, sifa zote zilikwenda kwa Fundi. "Mikono yako ina baraka, Fundi!" Naye Fundi alicheka na kupangusa vumbi la mbao kwenye nyusi. Sindano hakuona ubaya wowote. Sifa ziliingia nyumba moja na yeye.

Nyumba hiyo ilikuwa na simu moja, ya kazi, na ilikaa mfukoni mwa Fundi.

Mambo yaliharibika wiki ile ya viti vya hoteli. Karakana ilijaa viti hadi mtu apite kiubavu, kila kimoja kikisubiri nguo yake, na mwenye hoteli alikwisha kusema kwamba Jumatano ikipita hataki tena kuviona. Sindano alishona mpaka vidole vikafa ganzi. Jumatano asubuhi, lori lilipokwisha kuondoka na kiti cha mwisho, Fundi alikuja akasimama mbele ya cherehani, kofia mkononi.

"Mama watoto, mama yetu ametutoka. Simu yangu ilikuwa imeharibika. Habari zimenifikia sasa hivi."

Sindano alifika kwao akakuta kaburi limekwisha kufunikwa na majani ya juu yameanza kunyauka. Alilia alivyolia. Ilikuwa siku ya kugawana vitu vya marehemu ndipo kaka yake alipomvuta kando, nyuma ya jiko.

"Dada, mimi nimeshindwa kukuelewa. Nilimpigia shemeji tangu Jumapili."

"Ulimpigia nani?"

"Shemeji. Nikamwambia mama amezidiwa, njooni. Hata mama mwenyewe nilimwekea simu sikioni wakaongea. Mimi nilitoka kumwita muuguzi, sikusikia walichosemezana. Niliporudi mama alikuwa ametulia kabisa. Akaniambia, 'Mwanangu anakuja.' Basi akalala upande, anautazama mlango."

Sindano hakupiga kelele. Alirudi nyumbani, akamwandalia mumewe maji ya kuoga, akauliza kama mtu anayeuliza bei ya kitunguu: "Hivi, baba watoto, ile simu iliharibika lini?"

"Jumamosi," alisema Fundi bila hata kupepesa macho. "Betri ile."

Tangu siku hiyo Fundi akawekewa donge. Sindano alipika, akafua, akashona, akacheka palipostahili kucheka, na donge likakaa mahali pake. Hakutaka kumpigia mtu makelele chumbani, halafu mtu huyo aombe radhi chumbani na kesho aamke mweupe mbele za watu. Alitaka Fundi aseme hadharani, kwa mdomo wake, kwamba alipokea simu. Na alitaka jambo la pili, ambalo lilimkosesha raha kuliko la kwanza: mama alisema nini? Maneno ya mwisho ya mama yake yalikuwa ndani ya kichwa cha mwanamume huyu, yamefungiwa humo pamoja na vipimo vya meza na makabati.

Akangoja. Haikuchukua muda msumeno ukamkata Fundi kiganja cha kulia. Kidonda kilioza, mkono ukavimba kama mto wa kochi, na madaktari wakaanza kunong'ona habari za kuukata. Hapo ndipo Fundi, akiwa kitandani wodini, padri upande huu na mkewe upande ule ameshika bakuli la supu, alipolia kwa sauti: "Mungu akiniponya mkono huu, mimi na mke wangu tutakwenda kwa miguu mpaka kikanisa cha mlimani!"

Sindano alimtazama juu ya bakuli. Mtu huyu ameahidi miguu yangu, aliwaza, kama anavyoahidi kochi la mteja. Hata kuniuliza hakuniuliza.

Mkono ukapona. Likabaki kovu jekundu kiganjani, na hofu. Fundi aliamini kabisa kwamba nadhiri isipotimizwa, kidonda kitarudi na safari hii hakitaondoka bila mkono. Na Fundi bila mkono ni nani?

Njia ile ya mahujaji ina sharti lake, na Sindano alilisikia kwa jirani yao, mama muuza mkaa, aliyekwisha kuitembea mara nyingi. Mume na mke wakienda pamoja huhesabiwa msafiri mmoja. Wakifika kwenye lango la kikanisa, kiongozi wa msafara humuuliza kila mmoja peke yake: "Umekuja na nani?" Kila mmoja amtaje mwenzake. Mmoja akikataa kumtaja, ndoa hiyo haikufika. Mwenye nadhiri akaanze upya mwaka mwingine.

"Na aliyekwenda peke yake?" aliuliza Sindano.

"Anasema, 'Peke yangu,' anaingia zake. Tatizo ni nyie wa wawili wawili."

Sindano akatabasamu. Tangu msiba lilikuwa tabasamu lake la kwanza lililotoka moyoni, na Fundi aliporudi jioni alilikuta bado lipo.

"Mama watoto, naona umeifurahia safari."

"Sana, baba watoto. Tena tusichelewe."

Wakatoka na msafara, mama muuza mkaa akiwemo, na kiongozi mbele na fimbo yake, mzee mkavu asiye na maneno mengi. Begi la Fundi lilikuwa zito ajabu. Hakujua kwamba chini kabisa, ndani ya shuka, mkewe alimfungia mkasi wa chuma wa kukatia turubai na pasi ya makaa. Kila wakipumzika aliutua mzigo na kushika kiuno. "Hivi uzee ndio huu?" Sindano akamjibu, "Jikaze, Fundi. Nadhiri haibebwi na mtu mwingine." Fundi akichoka, mkewe aliongeza mwendo. Fundi akipata nguvu na kutaka kuwahi kivuli, mkewe alisimama, akavua kiatu, akatafuta kijiwe ambacho hakikuwemo.

Kisha ikaja ile tabia iliyowafanya wenzao waanze kutega masikio. Kila kituo, watu wakisha kuketi na kunywa maji, Sindano aliuliza kwa sauti ya upole: "Fundi, hebu nikumbushe. Simu iliharibika lini vile?"

Mara ya kwanza Fundi alisema Jumamosi. Kituo kilichofuata alisema Jumamosi au Ijumaa. Kwenye daraja alisema haikuwa betri, ni mtandao. Walipofika kwenye mashamba ya mkonge alikuwa amefikia kusema ilianguka ndani ya vanishi.

"Maskini simu," alisema mama muuza mkaa. "Imekufa vifo vingi kuliko paka." Halafu akamsogelea Sindano, akamnong'oneza: "Jirani, wewe unakwenda kuomba huko, au unakwenda kukamata mtu?"

"Vyote viwili."

Mchana mmoja walipumzika kwenye darasa la shule iliyokuwa likizo. Fundi alikuwa na malengelenge nyayo zote mbili. Aliinua miguu juu ya dawati, na mkewe akachomoa sindano kifuani, akaichoma kwenye moto wa kiberiti, akaanza kuyatumbua.

"Taratibu, mama watoto!"

"Pole. Imeteleza."

Ikateleza tena. Fundi aliuma meno, jasho likamtoka. Akamtazama mkewe aliyeinamia nyayo zake, na uso ukambadilika, ukalegea.

"Mke wangu," alisema. "Kuna jambo nimekaa nalo. Sijui nianzie wapi."

Sindano ilibaki hewani. Laiti Fundi angesema pale, pengine mambo yangekwenda njia nyingine. Hata mkewe mwenyewe hakujua. Fundi akautazama ubao mweusi kana kwamba jibu limeandikwa pale, akasema:

"Ile hoteli... wameagiza viti vingine."

"Vizuri," alisema Sindano. Akatumbua lengelenge la mwisho, akafunga kitambaa, akakaza fundo kuliko ilivyohitajika.

Walifika mlimani asubuhi, ukungu ukiwa bado haujainuka. Lango lilikuwa la mbao nene, na kwa mazoea Fundi alilipapasa fremu kabla hajakumbuka alipo. Mahujaji walivua viatu wakajipanga. Kiongozi akasimama langoni.

"Umekuja na nani?"

"Peke yangu," alisema mama muuza mkaa, akaingia. Lakini hakwenda mbali. Alisimama tu ndani, shingo nje.

Ikafika zamu yao. Fundi alikuwa ameukumbatia mkono wake wa kulia kama mtoto.

"Umekuja na nani?"

"Na mke wangu huyu," alisema Fundi, na sauti ikamtetemeka kwa furaha.

"Nawe, mama, umekuja na nani?"

Sindano akaketi chini, kwenye changarawe.

"Mama, unaumwa?"

"Siumwi, mzee wangu. Naomba kabla sijajibu, mume wangu aniambie simu iliharibika lini."

Wale waliokuwa nyuma waliosikia swali hilo njia nzima wakaguna. Mmoja akacheka, akaacha. Fundi aliinama.

"Mama watoto, siyo hapa. Watu wanatutazama."

"Ndiyo maana nimengoja hapa."

"Tutaongea nyumbani."

"Nyumbani tumekaa muda wote huo na hukuongea. Mimi sina haraka, Fundi. Nadhiri siyo yangu."

Fundi alimgeukia kiongozi amwokoe. Kiongozi akatazama fimbo yake. Kiganja kilianza kumwasha Fundi, au alidhani kinamwasha. Akakikuna, akakitazama, akakificha kwapani. Halafu akasema, kwa sauti ndogo, "Haikuharibika."

"Wa nyuma hawajasikia."

"Haikuharibika!" Fundi alipiga kelele. "Nilipigiwa Jumapili. Mama yake alikuwa anaumwa. Nilisema nikimwambia ataondoka, na viti havijavishwa, na hoteli itatukataa. Nilisema atasubiri kidogo. Wagonjwa wengine husubiri."

Mama muuza mkaa ndani ya lango alijifunika mdomo kwa upindo wa khanga.

"Na mama alikwambia nini?" aliuliza Sindano.

"Alinisalimia tu."

"Fundi."

"Alinisalimia. Sikumbuki mengine. Nimekwisha kusema ulichotaka, mama watoto. Nimejivua nguo mbele za watu. Inuka basi, mjibu mzee."

Sindano akamtazama usoni. Miaka yote hiyo ya kukaa nyuma ya makochi yake alijua Fundi anakumbuka hata urefu wa meza aliyotengeneza kabla hawajaoana. Akainuka, akakung'uta gauni.

"Nimekuja peke yangu," alimwambia kiongozi.

"Mama, una hakika?"

"Peke yangu."

Akaingia. Nyuma yake alimsikia Fundi akiita mara moja tu, kisha akamsikia kiongozi akisema kwa upole, "Kaa hapo kando, bwana, wapishe wengine."

Ndani alipiga magoti. Alitazamia kufurahi, na kusema kweli alifurahi. Roho yake ilikuwa kwatu, kama mtu aliyekula akashiba. Lakini alipotaka kumwambia mama yake kwamba amelipiza, hakupata la kusema ila kwamba amechelewa. Akalisema hilo, akatoka.

Fundi alikuwa amekaa kati ya viatu vya watu, miguu yenye vitambaa mbele yake. Sindano alipata viatu vyake, akavivaa, akaanza kuteremka kuelekea kwenye malori ya kuwarudisha mahujaji makwao. Alisikia nyayo zinazochechemea zinamfuata. Hakugeuka. Walikwenda hivyo, mbele na nyuma, mpaka kelele za lango zikapotea.

"Sikusahau," Fundi alisema mgongoni kwake.

Sindano aliendelea kutembea.

"Niliona aibu kusema mbele ya wale. Nimeona aibu hata kukwambia wewe. Mama alisema..." Akasita. "Alisema, 'Baba, mwambie mwanangu aje anisuke. Nywele zimenivurugika, na sitaki watu wanikute hivi.'"

Sindano akasimama. Mkono wake ulikwenda kifuani kutafuta sindano, ukaipata, ukaiacha.

"'Hakuna mwingine anayejua kichwa changu,' alisema. 'Aje na kitana chake kile kipana.' Nikamwambia, 'Sawa, mama, anakuja.' Akanishukuru."

"Alikushukuru."

"Alinishukuru, mke wangu. Nisamehe."

Chini, madereva walikuwa wameanza kupiga honi, na mama muuza mkaa, aliyewatangulia kushuka, alikuwa juu ya lori akiwapungia wafanye haraka. Sindano hakulitazama lori wala hakumtazama mumewe.

"Rudia," alisema.

"Nirudie nini?"

"Mama alivyosema. Usiruke neno. Anzia kwenye 'Baba.'"

Fundi akaanza upya. Alipomaliza, mkewe alipiga hatua chache kuteremka, akasimama tena, bado amempa mgongo.

"Rudia."