Usimpe Mtu, Hata Mwalimu

Hasira zangu ziko karibu. Mimi nalijua hilo, na wanafunzi wangu wanalijua zaidi. Siku niliyofundisha nywila niliandika mfano mmoja ubaoni, nikapaza sauti: kila mtu atunge yake, ya siri, asimwambie hata pacha wake. Darasa zima likainama, likanakili ile ya ubaoni, herufi kwa herufi. Jamani! Lakini ningewalaumu vipi? Tangu chekechea wamefundishwa kwamba kilichoandikwa ubaoni ndicho cha kunakiliwa.

Nilipogundua, niliwakalisha mmoja mmoja mbele ya kompyuta mpaka wakabadili. Wote, isipokuwa binti mmoja wa kidato cha nne aliyekuwa amelazwa na malaria. Binti huyo alitaka uuguzi. Mama yake alifia njiani akipelekwa kujifungua, kabla gari halijafika hata Gulwe, na tangu hapo mtoto hakuwa na wimbo mwingine.

Basi mchana wa siku ya mwisho ya kurekebisha machaguo ya masomo mtandaoni, akaingia chumba cha kompyuta wenzake wakiwa kwenye kipindi changu.

"Shikamoo Mwalimu. Inanikataa."

Nikafungua ukurasa wangu wa mwalimu, ambamo naona machaguo yao ila siwezi kuyagusa. Palipokuwa na uuguzi pameandikwa useremala. Kuna mtu aliingia kwa ile nywila ya ubaoni, akabadili chaguo, akabadili na nywila yenyewe. Mzaha huo! Nikawaka.

"Nani kafanya ushenzi huu?"

Wakainamia kibodi. Wote wanajua na hakuna anayesema. Sikuwa na muda wa kuwabana, maana jioni ile mfumo ungefungwa, na ukishafungwa, useremala ndiyo hivyo tena.

Njia ilikuwa moja: kuomba nywila mpya. Mfumo ungetuma namba kwenye simu iliyosajiliwa, na namba hiyo huishi dakika chache tu. Simu iliyosajiliwa ilikuwa ya baba yake mdogo, aliyemlea, na siku hizo alikuwa Makutupora akivuna zabibu. Nikabonyeza. Nikampigia, nikaweka sauti ya nje.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Habari za huko?"

"Nzuri. Baba, mimi ni mwalimu wa..."

"Za nyumbani?"

"Nzuri."

"Watoto hawajambo?"

"Hawajambo, baba."

"Na mvua je?"

Mvua! Nilitamani kulia. Namba inamfia mkononi, yeye anauliza mvua. Lakini utamkatishaje mtu mzima salamu?

"Mvua bado, baba. Kuna ujumbe umeingia kwenye simu yako sasa hivi. Nisomee hizo namba."

Akacheka.

"Ahaa, mmeanza! Sikiliza wewe tapeli. Kwenye kikao cha wazazi mwalimu alisimama akatuambia, namba ikija kwenye simu usimpe mtu, hata akisema yeye ni mwalimu. Umekosea mlango."

"Baba, mwalimu huyo ni mimi!"

"Ndivyo mnavyosema wote." Akakata.

Darasani mmoja akacheka, nikamtazama, akaacha. Namba ikaisha muda wake. Nikabonyeza mara ya pili, mtandao ukazunguka, ukazunguka, ukakubali. Safari hii nikampa binti simu.

"Mbukwa, baba," akamwamkia kwa Kigogo. "Ni mimi."

"Sauti siku hizi zinaigizwa," akasema mzee. "Kama ni wewe, yule ng'ombe aliyevunjika mguu korongoni alikuwa wa rangi gani?"

Binti akasita. Nikamtumbulia macho: sema, mwanangu, rangi yoyote!

"Hakuwa ng'ombe, baba. Alikuwa mbuzi wa bibi. Na hakuvunjika mguu. Ulimuuza nipate sare ya shule, tukamdanganya bibi."

Nikadhani atakata tena. Kisha akakohoa.

"Huyo ni mwanangu. Haya, andika."

Akazisoma taratibu, moja moja, na binti akaziandika. Ukurasa ukafunguka, ukaomba nywila mpya. Nikainama karibu nihakikishe hakosei. Binti akafunika kibodi kwa kiganja.

"Samahani, Mwalimu. Naomba ugeuke kidogo."

Darasa zima likanitazama. Wananijua. Na kweli hasira zikanipanda: mimi? Baada ya yote haya, mimi ndiye nigeuke?

Nikageuka. Nikasimama nimeukabili ubao kama mtoto aliyeadhibiwa, huku nyuma yangu vidole vinabonyeza polepole, mpaka aliposema, "Tayari, Mwalimu." Nikamtazama. Machozi yalikuwa yanamtoka, na kwenye kioo palikuwa pameandikwa uuguzi.