Mjomba Aliyekunywa Kahawa Boti Lake Likizama

Boti la mjomba wangu lilipokuwa linazama Mkokotoni, mwenyewe alikuwa kakaa juu ya kreti tupu la soda, kakunja nne, anakunywa kahawa.

Sisemi uongo. Kahawa na kashata.

Maji yalishafika madirishani. Kilichobaki kinachungulia ni kibanda cha juu tu. Na mzee kila akipiga funda moja anatizama saa, utadhani anangojea feri.

Mimi nikatoa simu nikaanza kurikodi. Nyinyi mngefanya nini?

Ngojeni kwanza mumjue.

Mjomba Mmanga ni kaka yake mama yangu. Kafanya ukarani bandarini miaka thelathini na kitu, kazi yake kuandika vyombo vinavyoingia na kutoka. Jina la chombo, jina la nahodha, mzigo, muhuri, haya mwengine. Bahari kaijua kwa wino. Safari yake ndefu kuliko zote ni Dar es Salaam, na waliokaa naye wanasema mifuko ya kutapikia ya safu nzima aliimaliza yeye.

Sasa mtu huyo alipostaafu akatukusanya, akatwambia ananunua boti bovu, alitengeneze, ahamie humo yeye na mkewe mpaka mauti yao.

Nilicheka mpaka nikaomba maji.

Sababu alikuwa nayo, nisimdhulumu. Nyumba yetu ya Mji Mkongwe ni ya urithi, tumejazana humo kama tende kwenye kanda, na chumba cha mjomba kimekaa njiani. Anayetaka kupanda juu kuanika nguo lazima apite kwake. Mama zangu wadogo wanapita. Watoto wanapita. Mimi mwenyewe nimepita mara ngapi sijui, taulo begani, napiga mluzi. Mkaza mjomba, Bi Mwanapili, kaolewa miaka yote hiyo na hajapata kukaa ndani ya chumba akajua kwamba hapiti mtu.

Nikamuuliza mjomba kwa nini asitafute kiwanja Tunguu kama watu wenye akili zao.

"Kiwanjani mtanifuata," akasema. "Baharini nyote waoga."

Bi Mwanapili alikubali kwa sharti moja, na alilitoa mbele yetu, anachambua mchele, hata kichwa hakuinua.

"Ntakwenda. Lakini siku nnayoingia nikikuta maji chini ya mguu wangu, nnarudi kwetu Matemwe, na usinifuate."

Mjomba akaitikia sawa. Ile sawa aliitamka kama mtu aliyetia saini. Bila ya mwanamke yule, boti kwake ni kuni.

Ikaanza kazi ya kuchagua. Mwenye vespa ni mimi, basi nikawa dereva, mshauri, na mchekaji mkuu.

La kwanza lilikuwa la Adil, mfanyabiashara wa mjini anayetembeza watalii. La faiba, jeupe pe, makochi ya ngozi, taa zinabadilika rangi kwa rimoti, spika kubwa kama makabati. Nikasema hapa ndipo, tulipe tuondoke. Mjomba hakuangalia injini wala hakuuliza mafuta. Alivua viatu, akaingia kibandani, akatandika msala, akaanza kusali.

Aliponyanyuka kutoka rukuu, paa likamgonga utosini.

Adil akajieleza kwamba wageni wake huwa hawasimami, wanakaa na vinywaji vyao. Mjomba akamaliza sala yake amekaa, akatoa salamu, akavaa viatu.

"Mimi sitaki kuzeeka nimeinama," akamwambia.

La pili lilikuwa la chuma, limelazwa ufukweni Maruhubi. Humo alisimama wima vizuri. Akasema hebu nipumzike kidogo. Akakaa tangu adhuhuri mpaka alasiri na milango wazi, akatoka kaiva kama mkate wa kumimina. Akapanda vespa.

La tatu ndilo lililonimaliza.

Tulilikuta Mkokotoni, boti la mbao lililokuwa likivusha watu na mbuzi kwenda Tumbatu. Miaka minne liko mchangani, limekauka, rangi imebanduka. Baina ya ubao na ubao nikapitisha kidole. Nikapitisha ufunguo wa vespa. Nikainama kuchungulia, upande wa pili nikamuona kuku ananitizama.

Mjomba akaingia, akasali, akatoka uso umekunjuka.

Pale alikuwepo fundi mmoja wa Kitumbatu, Mzee Msabah, mtu mkavu kama hilo boti lenyewe. Akalizunguka na nyundo ndogo, anagonga ubao, anatega sikio, anatoa hukumu. "Hai." Anasogea. "Hai." Anasogea. "Huyu mfu." Kama daktari wa zamu. Alipomaliza, maiti zilikuwa nane. Mjomba akasema nane si nyingi, akalinunua.

Nikajua hapa mzee kaingizwa mjini.

Njia nzima ya kurudi nikawa namchamba. Nikamuuliza boti likizunguka kwenye nanga atasalije, rakaa ya kwanza aelekee Makka, ya pili aelekee Dar es Salaam?

"Ntatia nanga mbili," akajibu nyuma yangu. "Moja mbele, moja nyuma. Ya tatu ntakutia wewe mdomoni."

Mzee Msabah akafanya kazi yake miezi mitatu, zile mbao nane zikabadilishwa. Siku moja Bi Mwanapili akanipa chakula nimpelekee mumewe. Nikafika, ndipo nikakuta nilichokuelezeni: boti liko majini, maji yako ndani ya boti, mzee yuko kwenye kahawa.

Nikarikodi vizuri kabisa. Nikatia na sauti yangu: "Mabibi na mabwana, kiinua mgongo cha mjomba kinakwenda kuoga." Chini nikaandika: mstaafu aanza kufuga samaki sebuleni. Nikairusha kwenye kundi la familia, nikairusha na kwenye ukurasa wangu.

Mpaka magharibi mjomba kashachekwa hadi Maskati.

Nikarudi nyumbani kifua mbele, nangojea sifa. Mama akanipokea mlangoni, hacheki.

Akanieleza kwamba Bi Mwanapili aliiangalia ile video mara mbili, hakuuliza kitu, hakulia. Akafunga kanga zake, akampigia simu ndugu yake mwenye gari, akenda Matemwe. Sanduku lake lote kalichukua.

Hapo nikalikumbuka lile sharti lake la maji chini ya mguu.

Asubuhi nikawasha vespa mpaka Mkokotoni. Maji ya bahari yalikuwa yamekupwa, boti limelala wazi mchangani, na ndani yake mmejaa mawe. Mawe makubwa, kayapanga mtu. Jana yalikuwa chini ya maji, sikuyaona.

Nikamwambia mjomba, aliyekuwa kakaa na Mzee Msabah kwenye kahawa ya asubuhi, kwamba mkewe kaona video, kaondoka na sanduku.

Akaweka kikombe chini. Akapiga simu, haikupokewa. Akapiga tena, na tena.

Mzee Msabah ndiye aliyenigeukia.

"Wewe umesoma mpaka wapi?"

Nikamwambia kidato cha sita.

"Hicho kidato kina bahari?"

Kisha akanifundisha, kila neno kama anapigilia msumari. Mbao iliyokaa kavu miaka minne imesinyaa. Ukiziba nyufa zake kwa pamba ingali kavu, siku ikija kuvimba inaitema pamba yote. Kwanza unalijaza boti mawe, unalizamisha mwenyewe kwa makusudi, mbao inakunywa siku kadhaa, inavimba, nyufa zinajifunga. Palipobaki ndipo unapotia pamba na mafuta ya papa. Na boti la jana halikuzama. Lilizamishwa.

Nikamgeukia mjomba, nikamuuliza mbona hakuniambia.

"Ulikuwepo saa nzima," akasema. "Hukuuliza. Ulikuwa unacheka."

Akanionyesha vespa kwa kidole.

"Aliyemwambia limezama ni wewe. Nenda kamwambie."

Kutoka Mkokotoni mpaka Matemwe si mbali, lakini siku ile vespa ilikuwa inakwenda kama inavuta jahannamu nyuma. Nilikuwa nafanya mazoezi ya maneno. Nimevunja ndoa ya watu, ya miaka thelathini, kwa sababu ya kutaka kuchekesha.

Nikamkuta uani na dada zake wawili wanafunga mwani kwenye kamba. Nikatoa shikamoo, wakaitika marahaba, nikapiga magoti palepale. Nikaanza: mbao zikisinyaa, mawe, pamba, mafuta ya papa, mjomba hana kosa, kosa langu mimi. Nikamweleza yote kama nilivyofundishwa, na mengine nikatia chumvi.

Wakaniacha nimalize. Dada mmoja akajiziba mdomo na kanga.

"Anuar," Bi Mwanapili akasema. "Unanfunza mimi mbao inavyokunywa?"

Akafunga fundo jengine la mwani.

"Marehemu baba yangu alikuwa fundi wa vyombo. Hapa hapa Matemwe. Vyombo alivyovizamisha yeye, wewe na kidato chako huwezi kuvihesabu."

"Sasa mbona umeondoka?"

Hapo wote watatu wakacheka, na kicheko chenyewe si cha kunionea huruma.

"Miezi yote hii nlidhani mjomba wako anacheza," akasema. "Mtu anayecheza, kitu cha kwanza hupaka rangi. Nlipoona kalizamisha, nkajua huyu anataka kukaa kweli. Na mimi nkija kukaa huko siji Matemwe kila wiki. Nimekuja kuwaaga ndugu zangu, na sanduku langu halirudi tena kwenye chumba cha njiani."

"Na simu?"

Akaninyooshea mikono yake, inachuruzika maji ya chumvi mpaka viwikoni.

"Ntaishika na nini? Mpigie wewe, mwambie Ijumaa anifate. Kisha njoo ushike kamba hii, maana leo umekuja na magoti yako mazuri."

Nilifunga mwani mpaka vidole vikavimba. Dada zake kazi yao siku nzima ilikuwa moja, kuniuliza kama kule mjini mwani tunaujua kwa wino au kwa simu.

Mjomba na mkewe wanakaa botini mwaka wa pili sasa. Chini pakavu. Nikenda kuwatembelea nasimama ufukweni napiga hodi. Naambiwa subiri. Nasubiri, jua la utosi, na hakuna pa kupitia.

Ile video nilitaka kuifuta, Bi Mwanapili akanikataza. Iko mpaka leo, na watu wa Tumbatu wanaingia kila siku kunitukana kwa ustadi mkubwa.

Basi wewe unayesoma hapa na kidole kimeshakuwasha: ukimuona mtu mzima ametulia anatizama mali yake inakwenda chini, usikimbilie simu. Kaa naye, omba kahawa, uliza. Pengine yeye yuko kazini, na anayezama ni wewe.