Mshale Uliposhuka Kabla ya Kanja

Jumamosi, tarehe kumi na mbili Julai. Manyunyu tangu alfajiri, na ukungu umelala juu ya majani chai bila kuinuka. Baridi ya Kianjokoma ya mwezi wa saba, ile ya kuvaa sweta mbili.

Nitaandika vile ilivyokuwa, na mahali sina hakika nitasema sina hakika. Shule niliachia darasa la saba. Mambo ya injini niliyajua kwa kushika tochi tu, marehemu baba akiwa chini ya gari, kwa hivyo inawezekana hata sasa nimeelewa vibaya.

Gari yenyewe ni stesheni wagoni ya zamani, rangi ya krimu, Baba aliinunua kabla kaka yangu hajazaliwa. Tangu tumzike imekaa nyuma ya nyumba ya Mama, matairi yakizama kwa udongo. Kaka yangu hufanya kazi ya ofisi Meru mjini na anataka kujenga hapa nyumbani. Mahali pazuri pa kujenga ni hapo hapo penye gari, kwa sababu upande wa chini maji ya mvua hupita. Ni kweli hupita, nimeyaona. Alitaka gari iuzwe kwa watu wa vyuma vikuukuu. Nilipokataa hakunigombeza.

"Sista, tufanye hivi," alisema. "Ikienda Kanja na kurudi yenyewe, bila kamba, bila kusukumwa, nitajenga huko chini na hii itakaa. Ikishindwa, lori ya vyuma inakuja."

Tukashikana mkono Mama akiona. Alinipa kuanzia Pasaka hadi Julai. Mwingine hangenipa hata wiki.

Injini yenyewe iliwaka bila taabu. Shida ilikuwa kupoa. Ikinguruma kidogo tu maji yanachemka. Basi nikafungua kila kitu kinachohusu maji, nikakipanga juu ya gunia, nikaita fundi wa hapa sokoni aje aangalie. Aliinama, akacheka mpaka akashika magoti.

"Mama wa gari, hii ni harambee. Rejeta ni ya pikapu. Feni ni ya lori ndogo. Hii hosi nyembamba naona ni ya pampu ya kunyunyizia kahawa. Na thamostati haiko."

"Imeenda wapi?"

"Si mzee aliitoa. Hapa wote huitoa. Wanasema hiyo ya kuzuia maji mpaka injini ipate moto ni ya nchi za theluji."

"Na sisi tunaona theluji ya mlima kutoka hapa mlangoni."

"Tunaiona, lakini yetu hukaa huko juu. Haishuki kwa injini."

Alichekesha, na mimi nilicheka. Lakini ndani niliona aibu kwa ajili ya Baba, kwamba vitu vyake viko uchi kwenye gunia na mtu anavihesabu. Nikaamua kila mahali patapata kitu chake sahihi. Hapo ndipo nafikiri nilipotea, ingawa siwezi kuapa.

Pampu ya maji niliyonunua Meru ilikataa kwa tundu moja la bolti. Hosi kubwa ilikuwa imepinda kushoto na yetu hupinda kulia. Mwenye duka hakunidanganya. Nilimpa mwaka wa gari, na injini kumbe Baba aliibadilisha zamani na hakumwambia mtu. Nilipanda hadi Mikinduri, ambako kuna gari kama yetu imekufa kwenye boma la mtu, kuku wanataga kwenye kiti cha nyuma. Mwenyewe akanifungulia nyumba ya thamostati, kile kikasha inamokaa, nikaja nayo kwa mapaja hadi huku Embu kama mtoto mgonjwa. Thamostati mpya ikaingia sawa. Pampu niliyorudisha na kubadilisha ikaingia, hosi ikaingia. Rejeta tu ndiyo haikupatikana, nikabaki na ya Baba, iliyolehemiwa mpaka chini yake ni risasi tupu ya kulehemu.

Halafu kifuniko cha rejeta. Cha Baba springi yake ilikuwa imechoka, ukiibonyeza kwa kidole inalala. Fundi alisema, "Hiki kiache. Kimezeeka pamoja na rejeta." Kusema haki, aliniambia. Kusema haki tena, aliniambia mara moja, akitafuna mahindi, na siku hiyo alikuwa akifanyia kila kitu mzaha. Nikanunua kipya. Kilifunga kwa nguvu, na nilipenda vile kilivyofunga.

Baba hakuwa akiendesha gari kama watu wengine. Kila akimaliza kupanda mlima alisimama, akafungua boneti, akasikiliza. Mtungi wa maji ulikuwa nyuma ya kiti siku zote. Sisi watoto tulijificha chini kwenye viti ili wenzetu wa shule wasituone pale kando ya barabara. Mimi nilitaka iende moja kwa moja, bila kusimama. Jana jioni niliutoa ule mtungi nikausafisha, nikauacha jikoni.

Leo asubuhi Mama alichinja jogoo kabla hatujatoka. Nilimwambia angojee turudi kwanza.

"Mkirudi mtakuwa na njaa," alisema. "Nikimchinja hiyo saa mtakula saa ngapi?"

Niliendesha mimi, kaka yangu akakaa kando, magoti yakigusa dashibodi. Fundi alibaki sokoni na kazi yake. Tulishuka kwenye mto wa kwanza, tukapanda, mshale wa moto kwenye dashibodi ukisimama katikati kama mtu mwenye adabu. Mto wa pili pia. Kaka yangu alianza kuongea.

"Unakumbuka Mzee alivyokuwa akitutuma maji hapa? Mimi nilikuwa nachota na kofia ya shule."

"Wewe ulikuwa unachota matope."

"Na gari ilikunywa. Haikulalamika."

Ile kupanda ndefu kabla ya Kanja, mshale ulianza kwenda juu. Nikashika usukani kwa nguvu, kana kwamba ningeweza kuuzuia kwa mikono. Ulifika karibu na nyekundu. Nikafikiria kusimama. Mbele yetu kulikuwa na moshi mweupe, lakini barabara yote ilikuwa nyeupe, na sikuweza kujua ukungu upi ni wa mlima na upi ni wa gari. Halafu mshale ukashuka. Ulishuka haraka, ukapita katikati, ukalala kabisa chini.

"Imepoa," kaka yangu akasema. "Sista, umeweza."

Alifurahi. Naandika hili kwa sababu mtu anaweza kudhani alitaka ishindwe. Alinigonga bega, na macho yake yalikuwa na maji. Nikakanyaga mafuta. Nilikuwa na furaha ambayo sikuwa nayo tangu mazishi, na niliendelea nayo mpaka paa za Kanja zikaonekana. Kisha harufu ya chuma kilichoungua, mlio kama nyundo ndani, na kimya.

Mshono wa chini wa rejeta ulikuwa umefunguka. Hapakuwa na tone. Fundi alikuja kwa bodaboda, akaangalia, na mara hii hakucheka. Alinieleza polepole. Kile kifuniko cha zamani kilikuwa kikiachilia mvuke, kipya kilizuia, na rejeta ya risasi haikuweza kuvumilia nguvu hiyo.

"Lakini mshale ulishuka," nilimwambia.

"Mshale hupima maji, mama. Yakiisha hauna cha kupima. Unalala."

Alijaribu kuzungusha injini kwa spana ndefu. Haikusogea.

Tulirudi tumevutwa kwa kamba na pikapu ya mtu wa maziwa. Nilishika usukani wa gari iliyokufa, nikitazama kamba. Tulipofika karibu na nyumbani kaka yangu alisema, bila kuniangalia, "Tunaweza kutafuta injini nyingine. Nikupe mpaka Desemba. Msingi unaweza kungoja."

Nilijua anamaanisha. Nilijua pia kwamba angengoja tena baada ya hapo, na tena. Lakini tulishikana mkono, na tulisema bila kamba. Tena Desemba ningefanya nini? Kila kitu sahihi nilichoweka kiliua kitu cha Baba kilichokuwa kikifanya kazi. Yeye alipatanisha vitu visivyojuana miaka yote hiyo, na mimi nilivigombanisha kwa kipindi kimoja cha mvua. Labda si hivyo. Labda ingekufa hata hivyo. Sitajua.

"Ita lori," nilimwambia.

Akasema sawa. Nilitamani angebisha kidogo zaidi, na hilo si haki kwake.

Mama alikuwa kwenye lango. Aliangalia kamba, akaangalia boneti, akasema jogoo ameiva, tuingie tunawe mikono.

Tulikula jogoo kwa mukimo wa viazi vilivyopondwa na majani ya malenge. Firigisi, ambayo siku zote ilikuwa ya Baba kama mwenye nyumba, Mama alimwekea kaka yangu, kama inavyostahili. Kaka aliikata katikati akaniwekea nusu kwenye sahani. Nusu yangu ilikuwa kubwa kuliko yake. Niliila.