Nilimpeleka Kuona Ziwa Ili Nyumba Yake Ibaki Tupu

Msinionee huruma. Naanza hivyo kwa sababu nawajua watu wetu, mtu akilia kidogo tu anatafutiwa kisingizio. Mimi sina kisingizio. Nilifanya uchafu, nikaufanya nikiwa na akili zangu timamu, na siku yenyewe nilivaa nguo nzuri!

Jina langu halina kazi hapa. Niliolewa upande wa Homa Bay, katika boma la ndugu wawili. Mume wangu ndiye mdogo. Mke wa yule mkubwa tulimwita Nyar Karungu, kwa sababu kwetu mwanamke huitwa kwa jina la kwao, naye alizaliwa Karungu. Mimi walikuwa wakiniita Nyar Migori. Baina yetu wenyewe tuliitana nyieka, mke mwenza, maana waume zetu ni ndugu.

Tulichota maji pamoja, tukaazimana chumvi, tukamsengenya mama mkwe pamoja. Nilipojifungua mtoto wa kwanza, ni yeye aliyenikanda kwa maji moto. Kumbukeni hilo mnaposoma.

Kisha mume wake akafa. Alikonda hadi tukawa tunamgeuza kitandani, na kila mtu kijijini alikuwa na jina lake la ugonjwa ule.

Mjane kwa mila zetu anakaa katika chola, yaani hali ya mwiko. Haingii boma la watu, halali nje ya kwake, hapandi mbegu, mpaka apatikane mwanamume wa kumrithi na kulala katika nyumba hiyo. Nyar Karungu alikuwa ameokoka. Alikataa, tena mbele ya wazee.

"Mama, mimi nakuheshimu," alimwambia mama mkwe. "Lakini hakuna mwanaume ataingia kwa hii nyumba. Nitalima, nitasomesha hizi watoto zangu, basi."

Nilimpigia makofi moyoni. Makofi hayo yalidumu hadi mvua iliponyesha.

Katika boma, kupanda kuna utaratibu. Nyumba kubwa hutangulia, ndogo hufuata. Nyumba kubwa ilikuwa ya Nyar Karungu, na kwa kuwa alikuwa katika chola hakuruhusiwa kugusa mbegu. Kwa hiyo na mimi nikakaa! Mahindi ya majirani yalifika magotini, shamba langu lilikuwa majani matupu. Nikipita njiani wanawake wananiuliza kama siku hizi nalima magugu.

Nilipotaka kupanda kwa nguvu, mama mkwe alinionya. "Panda. Lakini chira ikishika mtoto akaanza kukonda, itakuwa mtoto yako, si yangu." Chira ni laana ya anayevunja mila; nani angethubutu? Tulikuwa tumetoka kumzika mtu aliyekonda.

Basi siku moja mama mkwe akaniita jikoni kwake. Akanifungia mlango, akanipa uji wenye sukari nyingi. Mama yule hakuwahi kunipa sukari!

"Nyathina," akasema, mwanangu, "tumepata mtu kutoka mbali. Yeye kazi yake ni hiyo ya kurithi wajane. Lakini nyieka wako akitoka ni kanisa na mtoni tu, mara amerudi. Anaketi hapo kwa mlango kama askari. Wewe anakuamini. Mtoe siku moja tu."

"Nimpeleke wapi?"

"Popote. Mtembeze. Mrudi jua ikishuka. Sisi tutafanya yetu."

Sikuuliza yao ni yapi. Nilijua! Mwanamume akishaingiza vitu vyake, akatundika nguo zake, akala chakula katika kiti cha marehemu, kijiji kizima kinahesabu kwamba nyumba imepata mwenyewe. Mjane akikataa baada ya hapo, ni yeye mwenye makosa. Nilijua, nikamaliza uji, nikalamba kikombe.

Sasa nifike kwenye jambo linalonichefua kuliko yote. Nilifurahia kupanga safari ile! Nilikaa nikifikiria angependa kuona nini. Kulikuwa na pikapu ya rafiki wa mume wangu, iliyokuwa ikipeleka samaki Kendu Bay asubuhi na kurudi jioni. Nikapanga tukae mbele na dereva. Tusimame pale juu ambapo ghuba yote inaonekana na vilima vya Homa viko ubavuni. Tushuke ziwa Simbi tuone ndege wale wa waridi. Kisha Kendu Bay, tule samaki aina ya ngege wa kukaanga karibu na maji. Nilipika chapati usiku kucha. Nilimchagulia hata kitambaa cha kichwa!

Yeye alisita. "Nyieka, mimi siwezi kuingia kwa boma ya mtu. Watasema."

"Hatuingii boma la mtu yeyote," nikamjibu. "Ni barabara, maji na hewa. Jioni uko kwako."

"Na watoto?"

"Watakaa na nyanya yao."

Mnaona nilivyompimia? Kila hofu yake nilikuwa nimeishonea jibu kabla hajaitoa. Fundi wa nguo hashoni vizuri namna hiyo. Ptuu!

Tukaenda. Na Mungu anisamehe, ilikuwa siku nzuri. Asubuhi ilikuwa imeoshwa na mvua. Pale juu alimwomba dereva asimame, akashuka, akaitazama ghuba muda mrefu. Alikuwa hajavuka lango la boma tangu mazishi, isipokuwa kwenda kanisani na mtoni.

Kule ziwa Simbi alicheka. Ndege waliruka wote kwa pamoja, mimi nikatishika nikakaa matopeni na gauni langu zuri, naye akacheka hadi akashika mbavu. Sikuwa nimemsikia akicheka tangu mumewe aanze kuugua. Akanisimulia tena kile kisa ambacho kila mtu wa huku anakijua, cha kijiji kilichozama hapo kwa sababu ya kumfukuza mama mgeni wakati wa mvua. "Watu hao walikuwa wabaya aki," akasema. Nami nikatikisa kichwa kukubali. Yawa, hiki kichwa changu!

Kendu Bay gatini maji hayakuonekana. Magugu yalikuwa yametanda kijani kibichi toka ukingoni hadi mbali, na chini yake kuna kitu kinaoza, harufu inakushika kooni. Tukasogea mbele kidogo tukapata mahali palipo wazi. Tukala samaki. Akavua viatu, akaingiza miguu majini, akafumba macho, midomo inacheza. Nilidhani anaimba.

Baadaye kidogo akafungua macho akasema, "Nyieka, turudi. Roho yangu inaniambia watoto wananitafuta."

Jua lilikuwa bado juu kabisa. Nilimwambia akae, nikatafute pikapu. Pikapu ilikuwa nyuma ya soko, tupu, dereva amelala ndani, samaki wameshashushwa zamani. Nilimwamsha nikamwambia asitoke hapo mpaka nimwite. Nikarudi kwake nikipangusa jasho la uongo.

"Imeharibika," nikasema. "Wanatengeneza."

"Basi tutafute gari ingine."

"Tungoje tu. Hawatakawia."

Aliniuliza tena. Akaniuliza tena. Kila mara nilikuwa na jibu: wametafuta spana, wameenda kuleta fundi, sasa wanafunga. Alinunua mandazi ya kuwapelekea wasichana wake, akayafunga katika leso, akawa anayageuzageuza mapajani. Mimi nilikuwa namtazama hivyo! Hadi leo nikiona muuza mandazi navuka barabara.

Tulipofika nyumbani jua lilikuwa limeshuka kama nilivyoagizwa. Mlango wake ulikuwa wazi.

Ndani, katika kiti cha marehemu, alikuwa ameketi mwanamume nisiyewahi kumwona. Amevaa bukta tu. Miguu ameitumbukiza katika karai ambalo Nyar Karungu alikuwa akiwaogeshea watoto wake. Anakula samaki, miiba anaitemea sakafuni, sakafu aliyoisiriba mwenyewe kwa mikono yake wiki hiyo. Kwenye msumari wa kofia ya marehemu ilining'inia suruali yake. Aliinua macho, akatuangalia wote wawili, mimi na yeye, kama mtu asiyejua ni yupi wake, akaendelea kutafuna!

Mama mkwe alikuwa amesimama kando ya mlango na kanga mpya. "Karibu nyathina. Nyumba yako imepata mwenyewe. Ingia umpe mgeni maji ya kunywa."

Nilingoja apige mayowe. Hakupiga. Alinigeukia mimi.

"Nyieka, ile pikapu iliharibika kweli?"

Dereva alikuwa bado hapo, injini inanguruma vizuri kabisa.

"Iliharibika," nikasema. Kwa mdomo huu ninaolia chakula!

Hakuniuliza lingine. Aliwaita wasichana wake. Mama mkwe alimshika mdogo mkono, akasema watoto ni wa boma. Nyar Karungu alikibandua kidole kimoja, kisha kingine, taratibu, bila kumwangalia usoni, mpaka mkono ukaachia. Mume wangu alikuwa palepale, akiangalia viatu vyake. Nyar Karungu akaondoka na watoto wawili, nguo alizovaa na leso ya mandazi. Alilala kwa mke wa mchungaji, na baada ya hapo hatukujua alikoenda.

Yule mrithi alikaa hadi kuku wa boma walipokwisha, kisha akaondoka na redio ya marehemu. Nyumba ile Nyar Karungu aliiezeka kwa jasho lake la kuuza omena, dagaa wa ziwani. Ilipobomolewa, mabati yake yakagawanywa, mengine yakaja kuezeka jiko langu. Nikayapokea! Nikasema asante!

Wazee wakaamua kwamba mwanamke ametoroka boma mwenyewe, hivyo nyumba yake haizuii mtu tena. Nikapanda. Laiti mahindi yale yangekauka! Yalizaa kuliko miaka yote. Nilisonga ugali wa kwanza, nikaketi chini ya mabati yake, nikatia tonge mdomoni, likakataa kushuka. Nilitoka nje nikatapika. Kesho yake nikala, kwa sababu njaa haina aibu, na hiyo nayo inanichukiza.

Nimesema sababu ni shamba. Niliiandika barua hii mara ya kwanza nikaishia hapo, nikaichana, kwa maana si ukweli wote.

Ukweli ni kwamba kama mtu wa mbali asingepatikana, wa kumrithi Nyar Karungu angekuwa mume wangu. Ndiye ndugu. Mama mkwe alikuwa ameshamwambia, naye hakukataa. Alianza tu kunyoa ndevu kila asubuhi! Mimi niliogopa ugonjwa ule, niliogopa kugawana bwana, niliogopa kumwona akivuka ua jioni. Kwa hiyo nilichagua uchafu umwangukie yeye ili usinifikie mimi. Shamba lilikuwa jina zuri tu la kuita woga wangu.

Na ningeweza kumwambia! Angecheka, angeniambia, "Chukua bwana yako na ndevu zake, mimi simtaki." Tungefunga mlango ule tukiwa wawili.

Boma lile likanishinda. Nilirudi Migori kwetu, sasa nauza nguo za mitumba sokoni. Mwaka jana mwanamke aliinama kwenye rundo langu akichagua sketi ya shule. Aliponyanyua uso nikamjua. Amenenepa kidogo, ana mvi mbele.

Nilipiga magoti hapohapo juu ya nguo. Wateja wakashangaa.

"Inuka," akasema. "Unachafua nguo."

Nikainuka. Nikaanza kueleza, maneno yanagongana, mama mkwe, shamba, ndevu. Alinisikiliza hadi mwisho huku ameshika ile sketi.

"Mama mkwe hakuniumiza," akasema. "Yeye nilimjua tangu siku ya kwanza. Lakini unakumbuka pale Kendu Bay nikiwa na miguu kwa maji? Nilikuwa naomba. Nilikuwa nashukuru Mungu, nikamwambia, hata kama umechukua bwana yangu, umeniachia nyieka."

Akauliza sketi ni bei gani. Nikamwambia achukue bure. Akauliza tena bei. Nikaitaja, nikaitaja juu kwa kuchanganyikiwa, na yeye akalipa yote bila kubembeleza hata senti. Mnaofanya biashara mnajua mteja wa namna hiyo. Hana nia ya kurudi.

Wanawake wenzangu, na hata ninyi wanaume, mtu akikuomba umtoe mwenzako nyumbani siku moja tu, usijiulize kama safari itakuwa nzuri. Yangu ilikuwa nzuri. Usijiambie kwamba wewe kazi yako ni kutembeza tu, wengine ndio watafanya yao. Nenda ukamwambie, leo, kabla hajafunga kitambaa kichwani. Boma likikuchukia kwa hilo, utahama. Mimi nilihama, na uvundo ukahama na mimi.