Firigisi ya Baba Mkwe

Nitawaambia, lakini mtu akicheka naamka naenda zangu, kwa sababu hii aibu bado sijamaliza kuimeza, na hadi leo nikisikia mbwa akibweka hapa Kitale natafuta pa kupanda.

Mimi ni Mkikuyu wa kuzaliwa hapa hapa, nimeolewa na Wafula, Mbukusu wa Tongaren, na siku hiyo baba na mama yake walikuwa wanakuja kula kwangu mara ya kwanza tangu tuoane. Wafula alikuwa ameniambia mara tatu, "Kuku iwe nzima, na firigisi ni ya mzee, mtu asiiguse," (kwetu aliyekuwa karibu na sufuria ndiye aliyeila) kwa hivyo nikaitoa kwenye mchuzi, nikaiweka kwa kisahani chake dirishani ipoe, nikageuka kusonga ugali.

Kugeuka tena, paka wa jirani anaruka nayo mdomoni! Huyo paka wa Mama Kevo alikuwa amenimalizia vifaranga mwaka mzima na mimi sijafungua mdomo, maana Mama Kevo ana sauti ya kusimamisha soko, na mimi mtu akinipandishia sauti nalia. Hata siku hiyo ningeenda kwa geti nimwite, lakini niliogopa, na wageni walikuwa wameshapiga simu kwamba wamepita Moi's Bridge, basi nikapenya ua wa miiba ya kayaba na mwiko mkononi, nikijiambia paka ataiangusha, nitaiosha, nani atajua? (Msiniangalie hivyo.)

Nilichosahau ni Komando, mbwa wao. Mchana huwa amefungwa, lakini Mama Kevo alikuwa ameenda kusaga mahindi na kumwacha huru alinde boma. Hakubweka. Nilisikia tu pumzi nyuma yangu, na sijui nilipandaje lakini nilijipata juu ya stoo ya mahindi, na leso yangu iko chini, kwa meno yake. Na ndani ya leso, jamani, nilikuwa na kamisi peke yake, kwa sababu nguo ya wageni sikutaka ishike moshi.

Mbwa akaanza kuruka. Kila akiruka mbao zinalia, na mimi napiga nduru, "Ataniua! Mungu wangu, ataniua!" Nilijua nakufa. Na waliosikia nduru kwanza ni wakwe zangu, waliokuwa wanashuka tu kwenye gari.

Kwao mzee hata mkono hampi mke wa mwanawe. Sasa alikuja mbio hadi kwa geti ya Mama Kevo, akainua macho, akaniona, akageuka haraka akafunika uso na kofia. "Mama Wafula," akamwambia mkewe, "mtupie koti yako. Mimi sijaona kitu."

Mama Kevo akatokea na gunia lake la unga, akamwita Komando mara moja tu, mbwa akalala chini. Nilipomweleza habari ya paka hata hakupaza sauti. "Si ungeniambia, mama? Mwaka mzima?"

Mezani mzee alipindua vipande vya kuku polepole, kimoja kimoja, hadi chini ya bakuli. Wafula aliangalia sahani yake.

"Firigisi?"

"Paka ya jirani, Baba," nikasema.

Hakugomba. Alisukuma bakuli kando, akala ugali na mboga, akanawa. "Mimi sijakasirika, msichana wangu. Lakini bila firigisi, nikiulizwa nyumbani siwezi kusema nimekula kwako. Hapa bana bado sijafika."

Mama mkwe alinifinya bega wakiondoka, na nikalia jikoni hadi Wafula akazima taa.

Siku hizi jirani akihamia namwendea siku hiyo hiyo, naongea habari ya paka, mbwa, hata bata, nikitetemeka lakini naongea. Mzee naye sasa anatembelea fimbo. Kila nikimpigia kumwalika, ananijibu kwa upole kwamba atakuja mahindi yakitoka shambani. Yametoka mara mbili. Namwomba Mungu amweke tu, hadi afike.