Maswali Niliyoyabeba Wakati wa Eda

Binti yangu alikuwa ameanza tu masomo ya kuandika programu za kompyuta, katika chuo cha jioni mjini, mumewe alipofariki. Mkwe wangu alikuwa dereva wa lori, na lori lilipinduka naye njiani akirudi kutoka Mombasa. Walikuwa wakikaa nasi, chumba cha pili cha nyumba yetu ya kupanga kando ya Barabara ya Jogoo, kwa hiyo eda aliikalia humo humo.

Mjane aliye edani hatoki ovyo. Mimi nimefundisha madrasa miaka mingi, na nilijua kwamba mchana, kwa haja, sheria inampa nafasi. Nilimwambia. Akanijibu kwamba haitaki nafasi hiyo. Chuo nacho kilisema kwamba zoezi lake la mwisho lisipokubaliwa na mashine kabla ya muhula kufungwa, kiti chake atapewa mwingine.

Basi nikawa mjumbe wake. Siku hizo mwanafunzi hakuigusa mashine. Aliandika kwa penseli kwenye karatasi ya miraba, herufi moja kila mraba, akaipitisha kwenye dirisha la chumba cha mashine. Wasichana wa ndani waliyageuza maandishi kuwa matundu kwenye kadi ambazo mashine ilizisoma, na majibu yakachukuliwa kesho yake. Mashine iliisoma kazi yote kwanza. Ikikuta kosa haikutenda lolote, ilirudisha tu.

"Mzee wa karatasi!" msichana mmoja alizoea kunichokoza. "Hicho cheti tutakuandikia wewe."

"Andikeni, wanangu, mradi msinipe mtihani."

Pamoja na karatasi nilibeba maswali yake. Kwa nini umri lazima utangazwe kuwa namba, na jina kuwa herufi, na kimoja hakikubaliwi mahali pa kingine? Ukishatangaza aina ya kitu, je, kitu chenyewe tayari kipo? Mwalimu wake, kijana mpole wa kutoka Machakos, alinichorea ubaoni kana kwamba mwanafunzi ni mimi. Aina, alisema, ni kama kalibu ya fundi wa matofali. Unaweza kuwa na kalibu na usiwe na tofali hata moja. Nilirudia maneno hayo njia nzima nisije nikayasahau.

Zoezi la mwisho lilitaka aunde aina ya mtu, yenye jina na umri, awapange watu wa nyumbani mwake katika kundi moja, kisha mashine ichape umri atakaokuwa nao kila mmoja mwakani. Alituandika mimi, mama yake, na yeye mwenyewe. Mumewe hakumpa jina wala nafasi ya umri. Alimwandika kwa namba moja tu, miaka aliyokufa nayo, iliyotangazwa kuwa haibadiliki, akaitia kundini. Mashine ikakataa: palipotakiwa mtu pamekutwa namba tupu.

"Mzee, huyu mmoja mbona yuko hivi?" mwalimu akauliza.

"Ndiye marehemu," nikasema. "Umri wake hauongezeki tena."

Aliiweka chaki chini.

"Pole, mzee. Mwambie amrudishe kwa wenzake, naye ni mtu kama wao. Halafu kila mmoja aongezewe sehemu ya tatu: yu hai, ndiyo au siyo. Aina hiyo haina jibu jingine. Mwenye ndiyo ndiye ataongezwa mwaka. Na asipaache wazi; akipaacha, mashine itaokota takataka yoyote iliyokuwa hapo."

Baada ya magharibi nilimfikishia. Tangu mazishi alikuwa hajatamka kwamba mumewe amekufa. Sasa aliandika ndiyo kwangu, ndiyo kwa mama yake, ndiyo kwake. Penseli ikasimama penye mumewe.

"Nikujazie, mama?"

"Hapana, baba."

Mke wangu alikuja mlangoni na mwiko mkononi, akatutazama, akarudi jikoni polepole. Mimi nilishika tasbihi lakini midomo haikufuata. Mwishowe binti yangu akaandika siyo, herufi moja kila mraba, akasema, "Inna lillahi wa inna ilayhi raji'un." Sisi ni wa Mungu, na kwake tutarejea: kwa kinywa chake ilikuwa mara ya kwanza.

Mashine ilikubali. Kiti chake kikabaki chake, na nilimshukuru Mungu pale pale dirishani hata wale wasichana wakaacha utani.

Nilipomletea majibu aliyasoma amesimama ndani ya kizingiti. Sisi watatu tulikuwa tumeongezwa mwaka. Mumewe alibaki na umri ule ule.

"Angalia, baba," akaniwekea kidole kwenye karatasi. "Alinizidi mwaka mmoja. Mwakani tunalingana." Kidole hakikuondoka. "Halafu nitaanza kumpita."

Nina aya nyingi moyoni za kumliwaza aliyefiwa, na nimezisoma katika nyumba nyingi za mtaa ule. Siku ile niliziacha zote. Nilimshika mkono, tukalia pamoja.