Kadi ya Njano Niliyopewa Kasulu

Ka, ka. Hivyo ndivyo goti la kocha wetu lilivyolia kila alipochuchumaa kutufunga kamba za viatu, na mpaka leo nikiwaza mpira nalisikia kwanza. Goti hilo lilicheza ligi kuu huko mjini, likafunga magoli watu wakasimama vitini, halafu likaumia mara mbili likamrudisha Kibondo angali kijana. Mwingine angejifungia ndani. Yeye akakusanya wasichana, na mimi nikiwemo, muuza vitumbua niliyeishia kidato cha pili, akaniambia nitacheza mbele, namba tisa, namba yake. Siku hiyo nililala nikiwa nimeshachezea timu ya taifa.

Tulipoalikwa kucheza Kasulu, kocha njia nzima hakumtania mtu, na hiyo si kawaida yake. Tukamsumbua mpaka akasema. Baba yake ni mkulima wa Titye, huko huko Kasulu, na miaka yote ile hakuwahi kumwona mwanawe akicheza. Majirani walikuwa wakimwita aje amwone kwenye televisheni, anajibu ana maharage ya kupura. Kwake, mpira ulimwibia mtu wa kumsaidia shamba. Safari hii kocha alikuwa amemwomba aje.

"Asipokuja leo," alituambia, "simwiti tena."

Tulifungwa goli moja mapema. Kocha alikuwa akiitazama barabara kuliko uwanja, hata beki wetu akamuuliza kama wapinzani wengine wanatokea huko.

Zikiwa zimebaki dakika chache, mpira ukatoka nje, wetu wa kurusha. Ukabingirika hadi miguuni pa mzee mmoja mwenye koti na fimbo, amesimama peke yake. Akauokota, akaushika kwa mikono miwili. Sasa niambie, Muha gani anampokonya mzee kitu mkononi bila salamu? Nikainama, nikapiga makofi polepole kama tunavyolelewa.

"Mwidiwe, babu."

Akaitikia. Akauliza habari za nyumbani, kama kwetu mvua imenyesha, mahindi yamekaaje. Nikajibu moja moja. Nyuma yangu wenzangu wanapiga kelele: tumefungwa sisi, halafu anayepoteza muda ni mimi!

"Adabu hii amekufundisha yule kocha?" mzee aliuliza.

"Hapana, babu, ni mama. Kocha amenifundisha kufunga."

Akatazama ng'ambo ya uwanja kwa muda. "Yule ni mwanangu," akasema, akanikabidhi mpira. "Haya, kafunge."

Nikageuka, nikamkuta mwamuzi ananisubiri na kadi ya njano. Na kufunga sikufunga. Nilipata nafasi moja nzuri, nikapaisha juu kabisa, tukalala moja bila.

Wenzangu walinicheka, wakasema nigombee ujumbe wa nyumba kumi, maana kusalimia nakuweza. Nikangoja kocha anigombeze. Lakini yeye alikuwa ameshaanza kuvuka uwanja, na alipomfikia baba yake aliinama akapiga makofi, mtu mzima yule, watu wote wakimtazama. Mengi waliyoongea sikuyasikia, ingawa nilijifanya navua viatu karibu nao. Nilimsikia tu mzee akiuliza, "Mnacheza lini tena?"

"Jumamosi, baba. Kibondo."

"Ni mbali." Akaigeuzageuza fimbo yake. "Na miguu hii haiwezi kusimama muda wote ule."

Kocha hakuuliza kama hiyo ni ndiyo au hapana. Ndani ya gari alianza tena kututania, akaanzia na mimi.

Jumamosi nilifika uwanjani kabla ya mtu yeyote, nimejitwika kiti cha nyumbani. Nikakiweka karibu na mstari, upande ninaoshambulia, nikakipangusa vumbi kwa kanga. Nikarudi nyuma hatua mbili kukitazama. Jua lingempiga usoni pale. Nikakisogeza hadi penye kivuli.